Kabla Kikundi Chenu Hakijanunua Sufuria ya Presha ya Stima

(Hotuba kwa wenyekiti, makatibu na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia, Kitui. Imepunguzwa kidogo ili itoshee ukurasa.)

 

Mlituomba tuzungumze juu ya sufuria ya presha inayotumia stima, ile ambayo wauzaji sokoni huiita presha kuka. Vikundi vingine vilivyo hapa vimekwisha kukubaliana kuinunua kwa pesa za meri-go-raundi. Vingine bado vinabishana. Tuseme mapema: sisi hatuna duka, wala hakuna anayetulipa tuisifu. Tumeitumia, tumeona nyumba ambazo imesaidia, na tumeona nyumba ambazo imekaa bure. Leo tutawaeleza yote mawili, na mwishoni tutawaachia swali moja ambalo kila nyumba inapaswa kulijibu kabla ya kutoa hata shilingi.

CHAKULA CHETU NA SAA ZAKE

Hebu tutazame chakula tunachopika sisi watu wa hapa. Muthokoi. Githeri. Maharagwe. Mbaazi. Ndengu. Ni chakula kizuri chenye kujenga mwili, na kingi kinatoka shambani mwetu wenyewe. Lakini ni chakula cha kungoja. Maharagwe makavu huchukua saa mbili motoni. Muthokoi na githeri ya mahindi makavu huchukua saa tatu, na mahindi yakiwa ya zamani ni zaidi. Mama hawezi kwenda mbali. Anaongeza kuni, anaongeza maji, anapuliza, anafuta macho.

Iko sababu nyingine ambayo wengi hatuijui. Maji hayachemki kwa joto lile lile kila mahali. Mombasa, kando ya bahari, maji huchemka kwa nyuzi 100. Kadiri unavyopanda juu, ndivyo yanavyochemka mapema kwa joto dogo. Hapa Kitui ni kama nyuzi 96. Nairobi ni kama 94. Kwa hiyo sufuria yako inaweza kutokota kwa kelele nyingi, lakini maharagwe ndani yake yanapata joto pungufu kuliko ya mwenzako wa Mombasa. Hata ukiongeza kuni, maji hayapati joto zaidi. Yanakauka tu haraka.

Tena kuna moshi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 moshi wa jikoni na wa taa za nyumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, na wengine katika hao ni watoto wachanga wanaobebwa mgongoni mama akipika. Hapa Kenya, sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya nyumba zilipika kwa kuni. Nyumba zilizopika kwa stima hazikufika hata moja katika mia, ingawa kama nusu ya nyumba zote zilikuwa zikiwasha taa kwa stima ya Kenya Power. Yaani stima iliingia sebuleni, ikawasha taa na redio, lakini jikoni haikufika.

SUFURIA HII INAFANYA KAZI NAMNA GANI?

Si uchawi, wala si kitu kipya kabisa. Mwaka 1679 Mfaransa mmoja aliyekuwa akikaa London, jina lake Denis Papin, alitengeneza chungu cha chuma chenye kifuniko cha kubana, ili mvuke usitoke. Mvuke ukikosa pa kutokea hukandamiza maji, na maji yaliyokandamizwa hayachemki upesi. Yanaendelea kupata joto mpaka yapite nyuzi 110. Joto hilo ndilo linalolainisha mahindi, maharagwe na nyama ngumu kwa muda mfupi.

Hii ya stima ni wazo lile lile, ila limeongezewa vitu vitatu. Ndani kuna kipasha joto. Kuna kipimo kinachokata stima presha ikitosha na kuirudisha ikipungua. Ndiyo sababu haili stima muda wote. Na kuna saa: ukiiambia dakika 40, inahesabu yenyewe na kujizima. Hakuna cha kupuliza wala cha kuchochea.

Lakini tusidanganyane. Muuzaji akikuambia maharagwe ni dakika 30, muulize, dakika 30 kuanzia lini? Sufuria inahitaji kwanza dakika 10 hadi 20 kupata presha. Ndipo saa inaanza kuhesabu. Baadaye inahitaji tena kama dakika 10 au 15 mvuke upungue. Kwa hiyo dakika 30 za kwenye kitufe ni kama saa nzima ukihesabu vyema. Hata hivyo ni saa moja badala ya mbili au tatu, na saa hiyo hukai jikoni.

DAKIKA ZA VYAKULA VYETU

Waandishi, chukueni kalamu. Hizi ni dakika za kuanzia baada ya presha kupanda. Kila mtu ajaribu, kisha arekebishe kulingana na chakula chake.

- Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha: 20 hadi 25. Yasiyolowekwa: 40 hadi 50.
- Githeri ya mahindi makavu yaliyolowekwa: 45 hadi 60.
- Muthokoi iliyolowekwa: 40 hadi 50.
- Mbaazi kavu zilizolowekwa: 15 hadi 20.
- Ndengu bila kulowekwa: 12 hadi 15.
- Nyama ngumu ya ng'ombe: 30 hadi 35. Matumbo: 30 hadi 40.
- Kuku wa kienyeji aliyekomaa: 35 hadi 45.
- Mchele: 8 hadi 10.

Mmeona tofauti ya kuloweka? Kuloweka ni bure, na kunapunguza karibu nusu ya muda wa maharagwe. Loweka jioni, asubuhi mwaga maji yale, osha, weka maji mapya yapite chakula kwa vidole viwili. Nyanya zisitiwe mapema, kwa sababu ule uchachu wake huzuia maharagwe kulainika. Tia nyanya wakati wa kukaanga. Na ile magadi tuliyozoea kutia ili githeri iive upesi, sasa haina kazi. Tuiache, maana magadi huharibu baadhi ya vitamini za chakula.

Vipo vyakula ambavyo sufuria hii haina faida navyo. Ugali unahitaji mwiko na mkono. Chapati ni za kikaango. Sukuma wiki na mchicha huiva kwa dakika chache tu; ukizifungia ndani zinakuwa uji. Na uji wenyewe usipikwe kwa presha, kwa sababu unga huziba tundu la mvuke. Kwa hiyo anayesema sufuria hii itamaliza kazi zote za jikoni, anakuza mambo. Inamaliza ile kazi ndefu ya kuchemsha, na kwetu hapa kazi hiyo ndiyo inayokula kuni nyingi.

WOGA WA KULIPUKA

Mama mmoja alituambia, "Mimi siwezi kuweka bomu jikoni." Tulicheka naye, lakini woga wake una maana. Mvuke uliobanwa ni kitu cha kuheshimiwa. Sufuria za siku hizi zina kinga: kifuniko hakifunguki presha ikiwa ndani, na kuna tundu la kutoa mvuke ukizidi. Ajali nyingi huja mtu akilazimisha au akipuuza usafi. Shikeni haya saba:

1. Usijaze. Vyakula vya kawaida visipite theluthi mbili za sufuria. Maharagwe, mahindi na mchele visipite nusu, kwa sababu vinavimba na kutoa povu.

2. Usipike bila maji. Angalau kikombe kimoja kikubwa cha maji kiwemo. Na kamwe usijaribu kukaanga kwa mafuta mengi huku kifuniko kimefungwa.

3. Kabla ya kupika, tazama ule mpira wa kifuniko na tundu la mvuke. Mpira ukiwa umepasuka au umelegea, badilisha. Tundu likiwa limeziba na maganda ya maharagwe, zibua na uoshe.

4. Usilazimishe kifuniko. Kikikataa kufunguka kinakuonya kwamba mvuke bado umo. Ngoja.

5. Ukipika maharagwe au githeri, acha presha ishuke yenyewe kwanza. Ukifungulia mvuke mara moja, povu litaruka nalo. Ukitaka kufungulia, tumia mwiko mrefu, uso wako na wa mtoto ukiwa mbali.

6. Usimwage maji ndani ya sufuria kubwa yenye stima ikiwa ile sufuria ndogo ya ndani haimo. Hapo utaunguza kifaa na unaweza kupigwa na stima. Ile ya nje haioshwi kwa kutumbukizwa ndani ya beseni. Hupanguswa kwa kitambaa baada ya kuchomoa waya.

7. Kitufe cha kuweka chakula moto si cha kupikia. Maharagwe, hasa yale mekundu, yana sumu inayoondoka kwa kuchemshwa sawasawa tu. Yakipashwa polepole bila kuchemka yanaweza kuleta kutapika na kuhara. Yaiva kabisa, ndipo yawekwe moto.

STIMA YA NYUMBA YENYEWE

Sufuria nyingi za namna hii, zile za lita 5 au 6, hutumia wati 1,000 hivi. Balbu ya siku hizi hutumia wati 10 au pungufu. Yaani ni kama kuwasha balbu 100 kwa pamoja. Kwa hiyo haifai kuchomekwa kwenye waya mwembamba uliovutwa kutoka kwenye balbu, kama tunavyoona katika nyumba nyingi. Waya huo utapata moto, na nyumba inaweza kuungua. Chomeka kwenye soketi ya ukutani iliyofungwa na fundi mwenye leseni, iliyo na waya wa ardhi. Fundi aitazame kwanza, kabla ya kununua.

Ndugu zetu wanaotumia sola ndogo za taa na kuchaji simu, tusiwadanganye: sola hizo haziwezi kuisukuma sufuria hii. Wala msikubali muuzaji awaambie vingine.

Je, stima ikipotea katikati ya kupika? Usifungue. Kifuniko kimebana na joto limo ndani; chakula kitaendelea kuiva kwa muda. Stima ikirudi upesi, endelea. Ikikawia, hamisha chakula kwenye jiko la kawaida ukimalizie. Usikiache kivuguvugu hadi kesho yake, maana wadudu wa kuharisha wanapenda chakula cha namna hiyo. Kwa sababu hiyo tunasema: usivunje mafiga. Mwenye sufuria ya stima bado anahitaji jiko lake la kuni au makaa kwa siku ya giza.

GHARAMA: SOMENI TOKENI ZENU

Watu wengi wanaogopa kwamba stima ni ghali. Wengine wanasema ni rahisi kuliko makaa. Nani anasema kweli? Jibu limo ndani ya mita yako.

Kwanza, jua bei ya yuniti moja kwako. Chukua ule ujumbe wa tokeni kwenye simu. Tuseme ulilipa shilingi 200 ukapata yuniti 8. Gawanya 200 kwa 8: yuniti moja kwako ni shilingi 25. Huo ni mfano tu. Yako itakuwa yake. Bei hubadilika, na nyumba inayotumia stima kidogo sana hulipa bei ya chini kwa kila yuniti kuliko inayotumia nyingi. Ukianza kupika, yuniti zinapanda na bei ya kila yuniti inaweza kupanda. Liweke hilo kwenye hesabu.

Pili, pima sufuria yenyewe. Zima vitu vingine vyote. Andika yuniti zilizobaki kwenye mita. Pika githeri. Andika tena. Tofauti ndiyo githeri yako. Kwa kawaida sufuria moja ya maharagwe au githeri haifiki yuniti moja, kwa sababu kipimo hukata stima kila mara.

Tatu, pima ulichokuwa ukitumia. Kama unanunua makaa kwa kopo au kwa debe, pika chakula kile kile kwa makaa, uandike ni makopo mangapi. Sasa una namba mbili zako mwenyewe. Huhitaji kumwamini muuzaji wala jirani, wala sisi.

Wanaonunua makaa mara nyingi wataona nafuu. Hasa sisi watu wa Kitui, ambako mwaka 2018 serikali ya kaunti ilipiga marufuku kusafirisha makaa nje ya kaunti kwa sababu miti ilikuwa inakwisha, tunajua kwamba gunia la makaa lina gharama nyingine isiyoandikwa: mlima uliobaki mtupu na mto uliokauka.

Lakini wanaookota kuni, je?

KUNI ZA BURE

Hapa ndipo penye lile swali tulilosema.

Tumeingia nyumba ambamo sufuria ya presha imewekwa juu ya kabati, pamoja na vikombe vya wageni, na imefunikwa kitambaa kizuri cha kushona. Tunauliza, "Mama, imeharibika?" Hapana. "Hujui kuitumia?" Anajua. Basi kuna nini? Anainamisha kichwa na kusema, "Tokeni ziliisha."

Tulipochunguza tukaona mambo yalivyo. Kuni zilikuwa "za bure". Lakini za bure kwa nani? Mama alitembea mara mbili kwa wiki, mzigo mgongoni, ukanda kwenye paji la uso. Msichana aliachishwa masomo ya Jumamosi ili amsaidie. Hakuna aliyetoa shilingi, kwa hiyo hakuna aliyehesabu. Kuni zililipwa, tena kila siku, ila zililipwa kwa mgongo.

Sufuria ya stima ilipoingia, malipo yale yalitoka mgongoni yakaenda mfukoni. Na mfukoni mwa nani? Hilo halikuzungumzwa. Baba aliona taa na televisheni zinazimika mapema kuliko zamani. Akauliza, "Nani anamaliza stima?" Mama akaona aibu, akaifunika sufuria, akarudi msituni. Sufuria ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni makubaliano ya watu wa nyumba.

Wazee wetu mlio hapa, tunawaheshimu, na hatusemi kwamba baba huyo ni mtu mbaya. Hakuambiwa. Hata mama hakuuliza, kwa sababu tangu zamani habari za moto ni za mwanamke na habari za pesa ni za mwanamume. Sufuria hii imeunganisha moto na pesa, na sasa lazima wawili hao wakae chini pamoja.

Kwa hiyo kabla ya kununua, mume na mke wajibu maswali haya matatu, na waandike majibu:

La kwanza, tokeni za kupikia zitatoka wapi kila wiki? Je, ni pesa za maziwa, za mayai, za kibarua cha baba, au za mtoto aliye Nairobi? "Tutaona" si jibu.

La pili, stima ikibaki kidogo, ni kipi kitangulie: chakula au televisheni?

La tatu, zile saa ambazo mama hatakuwa jikoni wala msituni, ni za nani? Tusije tukaziokoa kwa sufuria halafu tukampa mama kazi nyingine bila kumwuliza. Zipo nyumba ambazo saa hizo zimekuwa za kuku, za kushona, za mtoto kusomewa, au za mama kupumzika tu. Kupumzika nako ni faida. Andikeni.

Tena tuongeze jambo moja. Sufuria hii haina moshi, haina siri, ina vitufe. Kijana wa darasa la saba anaweza kuitumia. Hata baba anaweza kuweka maharagwe na kubonyeza. Tumewaona akina baba wakifanya hivyo, wala hakuna aliyepungukiwa na uzee wake.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Tuje kwenye pesa za kikundi. Tuseme kikundi kina watu 20, kila mmoja anatoa shilingi 150 kwa wiki. Hizo ni shilingi 3,000. Tuseme sufuria mmeiona dukani kwa shilingi 9,000. Kila wiki 3 mwanachama mmoja anapata sufuria. Wa mwisho ataipata baada ya wiki 60, yaani mwaka na zaidi. Je, yule wa mwisho atakuwa bado anatoa kwa moyo? Na wale wasio na stima nyumbani, watoe pesa wapewe nini? Kikundi kisipojibu hayo mapema, ugomvi utavunja hata ile akiba iliyokuwako.

Ushauri wetu ni huu. Kikundi kinunue sufuria moja kwanza, kwa pesa taslimu. Msichukue kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo kabla ya kujumlisha malipo yote. Mara nyingine jumla huzidi sana bei ya dukani. Hakikisheni mna karatasi ya garanti, na mmeuliza mpira wa kifuniko unapatikana mji gani. Sufuria isiyo na mpira wa kununua ni beseni tu.

Kisha izunguke. Kila nyumba yenye stima nzuri ikae nayo wiki moja, na daftari izunguke nayo. Andikeni: siku, chakula, dakika, yuniti, na saa zilizookolewa zilitumiwa kwa nini. Zikipita nyumba sita au saba, someni daftari hilo katika mkutano. Hapo mtaamua kwa ushahidi wenu wenyewe, si kwa maneno ya mgeni. Kikundi chenye hamu ya kuona kwanza kinaweza pia kuuliza ofisi ya Kenya Power kuhusu mpango wake wa kuonyesha upishi wa stima, unaoitwa Pika na Power.

Na ambaye atakataa baada ya kujaribu, asichekwe. Achukue zamu yake kwa njia nyingine: mbuzi, bati, au karo ya shule.

WASIO NA STIMA WASISAHAULIWE

Mwanachama asiye na stima asirudi nyumbani leo mikono mitupu. Kuloweka, tumesema, ni bure. Kuna jiko la kuni lililoboreshwa, lile linalojengwa kwa udongo na kufunika moto, ambalo linakula kuni chache kuliko mafiga matatu. Na kuna kapu la joto: kapu kubwa lililojazwa matambara au majani makavu na kufunikwa kwa mto. Maharagwe yaliyolowekwa yakichemka sana kwa dakika 30 motoni, yafunike vizuri, uyatie ndani ya kapu upesi. Yataendelea kuiva bila kuni. Ukiyatoa, yachemshe tena kabla ya kula. Hizi ni njia za kupunguza saa na mzigo, na kikundi kinaweza kuzifundishana kwa siku moja.

Ndugu zetu, haraka haraka haina baraka, na hata kwa sufuria iliyotengenezwa kwa haraka methali hiyo ina kazi. Msikimbilie kununua. Rudini nyumbani, mkae wawili wawili, mjibu yale maswali matatu. Makatibu walete majibu katika mkutano wa mwezi ujao: ni nyumba ngapi zina soketi nzuri, ni nyumba ngapi zimekubaliana juu ya tokeni. Mkiona zimekubaliana nyingi, nunueni ile ya kwanza, na sisi tutakuja na maharagwe yetu tupike pamoja.

Sasa tunakaribisha maswali, na tungependa tuanze na wale ambao hawakubaliani nasi.